Mionzi hufuata upepo, si mipaka

Mhariri,

Katika mjadala wa kinu cha nyuklia hapa Kenya, nasikia wengi wakiuliza kitajengwa kilomita ngapi kutoka kwao. Swali hilo halitoshi. Kinu cha Chernobyl, Ukraine, wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti uliotawaliwa kutoka Moscow, kililipuka usiku wa kuamkia Aprili 26, 1986. Siku mbili baadaye king'ora kililia katika kituo cha nyuklia cha Forsmark, Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale: viatu vya mfanyakazi mmoja vilikuwa vimekanyaga vumbi lenye mionzi. Moscow ilikuwa bado kimya.

Mionzi ile haikutanda sawasawa. Ilibebwa na upepo, mvua ikaishusha, ndiyo maana sehemu iliyonyeshewa iliumia kuliko ya jirani iliyobaki kavu. Ng'ombe walikula majani, watoto wakanywa maziwa yenye iodini ya mionzi, na si wachache waliokuja kupata saratani ya tezi ya shingo. Inaniuma, kwa sababu maziwa yangeweza kuzuiwa. Poland iliwawahi mamilioni ya watoto wake kwa dawa ya iodini isiyo na mionzi, inayoijaza tezi ili isifyonze ile yenye mionzi. Huko Wales, Uingereza, baadhi ya kondoo waliwekewa vizuizi kwa sababu ya mionzi hiyo hadi 2012!

Naiomba serikali ituambie, kinu kiwe Pwani au Siaya: upepo wa kila msimu utapeleka vumbi wapi? Nani atapima maziwa? Dawa za iodini zitakaa zahanati gani? Tujibiwe barazani, kwa Kiswahili, kabla msingi haujachimbwa.

Mkazi wa Kilifi