Tubakize kipande cha udongo kwa ajili ya ndege

Mhariri,

Siku hizi mtu akimaliza kujenga mjini, kazi ya mwisho ni kumwaga zege uani hadi ukutani. Kisha tunalalamika kwamba ndege tunaowasikia asubuhi ni kunguru tu.

Mimi hapa Morogoro nilibakiza kipande cha hatua nne, nikapanda mishubiri ya porini na mforosadi mmoja. Kiangazi kilipofika, mishubiri ikatoa maua mekundu na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wakaanza kuja. Dume hung'ang'ania kikonyo, huzamisha mdomo wake uliopinda ndani ya ua, na akiutoa, paji la uso limejaa chavua ya njano. Forosadi zenyewe sikuzionja mwaka huu, shorwe, ndege wapenda matunda, waliniwahi. (Mke wangu bado ana kinyongo, alishanunua sukari ya jamu.)

Ila jamani, ule mmea wa mapambo uitwao lantana msipande, hata kama maua yake yanapendeza. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na huko porini hugeuka kichaka kigumu kung'oa. Na dawa ya wadudu iacheni dukani: makinda ya chozi hulishwa wadudu na buibui.

Msomaji wako,
Morogoro