Barua kwa Vijana Wachoraji wa Ngamiani Kuhusu Bibi na Bwana

Wanangu,

Assalaam alaikum. Nimeutazama ukuta wa shule mliouchora Nembo ya Taifa hapa Tanga, na sina shaka na ufundi wenu. Ila mpamba ulio miguuni pa Bibi, yule mwanamke wa kwenye nembo, mmeuondoa, mkaweka mkonge, kwa hoja kwamba Tanga ni mkonge. Hoja yenu naielewa, maana Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 katani ndiyo iliyoongoza mazao yaliyouzwa nje, na bandari yetu iliishi kwayo. Hata hivyo, Nembo ya Taifa haichorwi kwa mapenzi ya mkoa.

Wakati wa Mwingereza alama ya nchi ilikuwa kichwa cha twiga, mnyama mzuri asiyeshika jembe wala asiyedai haki yoyote. Nembo hii ya sasa imewaweka watu. Bwana na Bibi wamesimama juu ya Kilimanjaro, mlima ambao Luteni Alexander Nyirenda aliuwekea Mwenge katika mkesha wa Uhuru, wakashika pembe za ndovu zilizoizunguka ngao. Sehemu ya juu ya ngao ina Mwenge katika dhahabu, kisha bendera, kisha wekundu wa udongo wenye mkuki wa ulinzi pamoja na shoka na jembe vilivyopishana, na chini kabisa mawimbi ya bahari na maziwa. Kwenye utepe huandikwa Uhuru na Umoja, si Uhuru na Kazi, ingawa sisi wazee tuliyatamka yote mawili.

Angalieni zaidi mkarafuu wa miguuni pa Bwana na buluu ya bendera, kwa sababu hapo ndipo Muungano wa 1964 unapoonekana. Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani, dhahabu na nyeusi. Buluu ilikuja na Zanzibar. Fundi aliyeishiwa kopo la buluu akamalizia kwa kijani amekwisha kuwafuta ndugu zetu wa ng'ambo ya pili, na aliyeng'oa mpamba amewafuta wakulima wa Mwanza na Shinyanga.

Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inazuia kuitumia nembo hii kibiashara bila kibali, kwa hiyo mteja akiitaka kwenye bango la duka lake, mkataeni kwa adabu.

Mpamba urudisheni kabla shule hazijafunguliwa. Mkonge ombeni kwa mwalimu mkuu ukuta ulio mkabala na lango, muuchore mkubwa mpendavyo. Rangi ya kijani nitainunua mimi.

Mzee wenu, Tanga