Barua ya wazi kwa watu wazima waliorudi kusoma hisabati: msikate kabla ya kutafuta vigawo

Ndugu zangu na wanangu wa madarasa ya jioni,

Mnaonizidi umri, shikamooni. Wengine, hamjambo.

Nawaandikia kwa sababu inaniuma kuona mtu aliyejiandikisha QT, yaani Mtihani wa Maarifa, au anayerudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, anaiacha aljebra kwenye kurahisisha sehemu. Ametoka kazini amechoka, anaona x juu na x chini, anazikata, jibu linakataa. Kisha anasema ubongo wake umezeeka. Si kweli hata kidogo. Amekata mapema tu.

Tazameni hii: (x² − 9)/(x² + 5x + 6). Mkono unakimbilia zile x² mbili. Uzuieni. Kinachokatwa ni kigawo, yaani kile kinachozidisha kiasi chote juu na asili yote chini. x² ya juu haizidishi chochote pale, imetolewa 9. Basi tafuteni vigawo kwanza. Juu ni tofauti ya vipeo viwili vya pili: (x − 3)(x + 3). Chini tunataka namba mbili ambazo zikizidishwa ni 6, zikijumlishwa ni 5. Ni 2 na 3, hivyo (x + 2)(x + 3). Sasa kateni (x + 3), mabano yote kwa pamoja. Inabaki (x − 3)/(x + 2).

Mkiwa na shaka, msimsubiri mwalimu. Wekeni x = 1. Sehemu ya mwanzo inatoa −8/12, ambayo ni −2/3. Jibu letu nalo linatoa −2/3. Aliyekata x² atabaki na −9/(5x + 6), na kwa x = 1 atapata −9/11. Papo hapo anajua pa kurudi. Pimeni hata jibu linapofanana na la jirani, maana njia mbovu huweza kufika: katika 16/64 ukifuta zile 6 unapata 1/4, na ni sahihi kabisa, lakini jaribu hivyo hivyo kwenye 26/63 uone.

Asili haiwi sifuri. Kwa mfano wetu, x isiwe −2 wala −3. Wengi huisahau −3 kwa kuwa (x + 3) imeshaondoka machoni, lakini sehemu mliyopewa mwanzoni haina thamani hapo, kwa hiyo katazo linabaki. Liandikeni kabla ya kukata.

Na (x − 5)/(5 − x) si 1. Ni −1, kwa sababu 5 − x ni −1 mara (x − 5).

Aliyesahau sehemu za kawaida aanzie huko, tena bila haya. Andika 12/18 kama (6 × 2)/(6 × 3), uone kwa nini 6 inaondoka na kubaki 2/3. Nawaomba sana msiruke hatua hiyo kwa kuogopa kuonekana mnasoma mambo ya watoto; aljebra yote niliyoeleza hapa ni kazi hiyohiyo, herufi zimeingia tu.

Wiki hii fanyeni (x² − 4x)/(x² − 16). Mkimaliza, wekeni x = 1 kwenye swali na kwenye jibu. Pote pawili ipatikane 1/5.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu