Vipaumbele kwanza, viti baadaye

Mhariri,

Uchaguzi unapokaribia, mazungumzo ya miungano ya vyama huanza na swali la nani atasimama urais. Tunaomba safari hii, kuelekea uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027, yaanze na kazi itakayofanywa.

NARC, muungano wa vyama vya upinzani vya Kenya, iliingia madarakani Desemba 2002 ikiwa imeahidi, pamoja na mengine, elimu ya msingi bila karo na katiba mpya ndani ya siku 100. Elimu ilianza Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Katiba ikauvunja muungano. Karo ilipofutwa, hakuna chama ndani ya NARC kilichopoteza kitu, na wizara moja iliweza kuanza kazi mara moja. Katiba iligusa madaraka yenyewe: LDP, moja ya pande mbili za NARC, walitarajia waziri mkuu mwenye nguvu, wenzao wa NAK, upande wa pili, wakataka rais abaki na mamlaka yake. Wote walisema "katiba mpya", kila mmoja na yake moyoni. Mkataba wao wa maelewano haukuwekwa hadharani, basi hata wananchi hawakuwa na cha kuwashikia. Novemba 21, 2005 mawaziri wa serikali moja walipambana kwenye kura ya maamuzi kuhusu rasimu ya katiba, hawa Ndizi (ndiyo), wale Chungwa (hapana).

Kwa hiyo kila chama kilete mambo matano tu, kila jambo sentensi moja inayotaja kitakachofanywa, atakayekifanya na tarehe. "Kumwinua mkulima" lirudishwe kwa mwenyewe. "Wizara ya Kilimo ihakikishe mkulima wa miwa analipwa ndani ya siku 30 tangu miwa ifike kiwandani, kuanzia Julai 2028" lipokelewe. Kabla ya kujadili, majina ya vyama yafutwe kwenye orodha, maana mapendekezo mengi mazuri hukataliwa kwa sababu ya aliyeyaleta.

Kisha kila chama, kiwe na wabunge 60 au watatu, kitume wajumbe wawili na kuchagua matano kutoka orodha nzima: la kwanza pointi 5, la mwisho pointi 1. Chama kikubwa kikiruhusiwa kujaza ukumbi, mtatoka na ilani ya chama kimoja yenye sahihi za wengi. Wingi wa wabunge utahesabiwa kwenye kugawana nyadhifa.

Pointi peke yake hudanganya. Jambo linaweza kuongoza kwa sababu vyama vitatu vinalipenda mno, huku viwili haviwezi kuishi nalo. Hivyo katika duru ya pili kila chama kiseme kuhusu kila jambo: tunaliunga mkono, tunalivumilia, au tunalikataa. Lililokataliwa lisiingie kwenye vipaumbele. Iandikwe kwamba wabunge watalipigia kura kwa hiari yao. Kila chama kiwe na nafasi mbili tu za kukataa, la sivyo kimoja kitaukwamisha mkutano mzima. Hatari kubwa iko hapa: wenyeviti hulegeza maneno ya jambo lililokataliwa mpaka kila mtu aitikie. Huo ndio ugonjwa wa 2002. Ni afadhali liondolewe.

Yabaki matatu, yakadiriwe gharama, na yapangwe: fedha zikitosha moja tu, lipi litangulie? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka mkataba wa muungano uwasilishwe kwa Msajili. Vipaumbele viwe ndani ya mkataba huo, na Kiswahili chake kichapishwe.

Liko pia suala la wanaojiunga baadaye. Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani vya Tanzania, ilizaliwa 2014 kutetea rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba, yenye serikali tatu. Hilo lilikuwa jambo moja linaloeleweka. Agosti 2015 Profesa Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kimoja cha Ukawa, akipinga kupokelewa kwa watu waliokuwa wameunga mkono Katiba Inayopendekezwa, ile iliyobakiza serikali mbili. Anayekuja akiwa amechelewa aweke sahihi kwenye vipaumbele vilivyopo kabla jina lake halijatajwa kwa wadhifa wowote.

Wasomaji wenu,
Kisumu