Tusomewe kilo zetu, tusiandikiwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Juzi nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu wa kwanza, nikaikuta kadi yangu ya kliniki ya mimba ile. Safu ya uzito imejaa vizuri: 64, 66, 69, 71, 76, 78. Sikukosa hata hudhurio moja tangu nilipoanza. Na sikumbuki hata siku moja mtu kunieleza namba zile zilikuwa na maana gani.

Ilikuwa hivi: vua viatu, panda mizani, shuka, rudi kwenye benchi. Muuguzi anaandika, anaita anayefuata. Ukithubutu kuuliza, unajibiwa, "Unaendelea vizuri, mama." Vizuri kwa kipimo gani? Kadi yenyewe inaanzia mwezi wa tano kwa sababu nilichelewa kwenda (hilo ni kosa langu, sitalisukumia mtu), kwa hiyo mpaka leo sijui mimba ilinikuta na kilo ngapi. Bila hiyo namba ya mwanzo, 78 ni namba tu. Kwa mwanamke mmoja ni sawa kabisa, kwa mwingine imezidi, na kwa wa tatu huenda ni pungufu.

Haya niliyajua kwenye mimba ya pili. Nilikwenda wiki ya tisa, na mkunga aliyenipokea aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Kabla ya mimba ulikuwa na kilo ngapi?" Kwa bahati nilijua, 68. Akanipima urefu, mita 1.62. Akachukua kilo akazigawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akapata karibu 26. Akaniambia, bila kunikebehi, kwamba nimeanza nikiwa mzito kidogo, hivyo niongezeke kilo 7 hadi 11.5 kwa mimba nzima.

Nilishtuka, maana rafiki yangu, mwembamba, alikuwa ameambiwa lengo kubwa kuliko langu. Kumbe ndivyo ilivyo. Vipimo hivi vilitolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009, na vinatumika katika nchi nyingi. Jibu la ule mgawanyo likiwa chini ya 18.5, mama anatakiwa aongezeke kilo 12.5 hadi 18. Kati ya 18.5 na 24.9 ni kilo 11.5 hadi 16. Kuanzia 25 hadi 29.9 ndiko nilikoangukia mimi. Likifika 30 au zaidi ni kilo 5 hadi 9. Mwenye mapacha ana viwango vyake, vya juu zaidi. Mwembamba ndiye anayehitaji kuongeza zaidi, kwa sababu hana akiba.

Kitu kingine ambacho wengi hatuambiwi ni kwamba kilo haziji kwa mpigo. Miezi mitatu ya kwanza inatosha nusu kilo hadi kilo mbili. Baadaye, aliyeanza na uzito wa kawaida huongezeka chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki, na mimi nilitakiwa kama robo hivi. Kwa hiyo yale maneno ya kula kwa ajili ya wawili, ambayo nilipigiwa kelele nayo tangu siku ya kwanza ya mimba ya kwanza, hayana hesabu. Huyo wa pili wiki ya 12 hajafika hata gramu 50! Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji chakula cha ziada. Baadaye unahitaji kiasi, kama kalori 340 kwa siku katika miezi mitatu ya katikati na 450 katika ile ya mwisho. Hayo ni maongezo madogo tu juu ya mlo wa kawaida. Haina maana ya sahani mbili.

Nilimuuliza mkunga kilo zote hizo zinakaa wapi ikiwa mtoto mwenyewe ana tatu na kitu. Akanihesabia kwenye vidole: kondo la nyuma karibu robo tatu ya kilo, maji anayoogelea mtoto karibu kilo moja, mfuko wa uzazi uliokua nao kilo moja, damu iliyoongezeka kilo moja na nusu, matiti, maji ya mwilini, na mafuta kama kilo tatu ambayo mwili unayatunza kwa ajili ya kunyonyesha. Nilitoka pale najiona mzima. Miezi yote ya mimba ya kwanza nilidhani nimenenepa tu.

Kubwa zaidi lilikuja wiki ya 33. Nilipanda mizani, ikaonyesha nimeongezeka kilo mbili ndani ya wiki moja. Mkunga hakuniuliza nimekula nini. Aliniangalia uso na vidole, akanipima presha, akataka mkojo. Presha ilikuwa imevuka 140 kwa 90, na mkojo ulikuwa na protini. Nililazwa siku ile ile. Kilo mbili za wiki moja, alinieleza baadaye, mara nyingi ni maji, na maji hayo huweza kuwa dalili ya ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba. Mtoto alizaliwa salama, nami nipo nakuandikia.

Sasa itazame tena kadi yangu ya kwanza: 71, halafu 76, wiki nne tu katikati. Hakuna aliyeinua macho.

Nisieleweke vibaya. Miguu huvimba kwa wajawazito wengi bila ugonjwa wowote, na presha yaweza kupanda huku mizani ikiwa imetulia, kwa hiyo mizani haichukui nafasi ya kipimo cha presha. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo havingoji tarehe ya kliniki. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.3 kwa upasuaji, na siwezi kuapa kwamba kilo zangu ndizo zilizosababisha. Lakini kuongezeka kupita kiasi kunajulikana kuongeza uwezekano wa mtoto mkubwa na wa upasuaji, na kuongezeka kidogo mno kunaongeza uwezekano wa mtoto mwenye uzito pungufu au njiti. Anayetapika hadi kupoteza kilo 3 kati ya 60 anahitaji matibabu, asiambiwe ni mimba tu, itapita.

Wapo pia wanaosema namba kwa kejeli. "Mbona umefura hivi?" Dada mmoja niliyekaa naye benchi alijinyima chakula baada ya kauli ya namna hiyo, na mimba si wakati wa kujikondesha. Bora kunyamaziwa kuliko kusemwa hivyo, ingawa vyote viwili sivyo tunavyostahili.

Najua jibu nitakalopewa: foleni ni ndefu. Kweli. Ila Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonwe angalau mara 8. Dakika mbili za kunisomea namba yangu na kuilinganisha na ya hudhurio lililopita ni dakika 16 kwa mimba nzima. Mkunga wangu wa pili alikuwa na foleni ile ile.

Na kwa mama anayesoma barua hii akiwa hajui alianza na kilo ngapi: ukiwahi kliniki kabla ya wiki ya 12, uzito wa siku hiyo unatosha kuwa mwanzo, kwa kuwa bado hujaongezeka sana. Jipime kwa mizani ile ile, siku ile ile ya wiki, asubuhi baada ya kwenda haja, ukiwa na nguo nyepesi. Andika mwenyewe, uende nayo.

Mama wa watoto wawili