Mnyama ni wa nani wakipiga wawili?

Mhariri,

Nimewinda tangu ujana, na ugomvi ninaousikia sana porini ni wa nani kaua. Mmoja anapiga, mnyama anatimka. Wa pili anakutana naye mbele, anapiga, mnyama anaanguka. Wote wanafika mbio wakihema, kila mtu na kisu mkononi.

Mimi niko upande wa aliyetia jeraha la kwanza la kuua. Mnyama aliyepigwa mapafu anaweza kukimbia mita 100 kabla ya kudondoka, na wa pili akajiona bingwa. Tazameni damu. Ikiwa ya rangi ya kung'aa yenye povu, risasi imepita mapafuni; ikiwa imechanganyika na majani yaliyotafunwa, imepita tumboni. Aliyekwaruza mguu tu hana cha kudai, hata kama alitangulia.

Ila wa pili asilaumiwe kwa kupiga. Mnyama aliyejeruhiwa amalizwe kwanza, mabishano baadaye. Ninayemlaumu ni yule anayefyatua huku anaona mwenzake ameshalenga, kisa uchu wa pembe. Huyo mimi sitoki naye tena.

Wasan, wawindaji wa jadi wa Kalahari kusini mwa Afrika, wana utaratibu wao wa jadi: mwenye mshale uliompiga mnyama ndiye mwenye nyama ya kugawa, hata kama siku hiyo hakutoka kuwinda. Sisi wenye bunduki tunashindwa hata kukubaliana, kabla ya kuondoka, nani apige kwanza na nyama ikatwe mafungu mangapi?

Mwindaji mkongwe