Malalamiko: spea za ndani za Datsun 240Z zisizooana

Mombasa,
12 Machi

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: SPEA ZA NDANI ZA DATSUN 240Z

Ninaandika kuhusu oda niliyoilipia kwenu mwezi Januari: dashibodi, konsoli ya kati (kile kisanduku kinachokaa kati ya viti viwili), vibao vya ndani vya milango miwili, na ngozi bandia ya kufunika mgongo wa giaboksi na matao ya magurudumu ya nyuma. Kwenye ankara yenu kila kimoja kimeandikwa kuwa ni cha 240Z ya mwaka 1972, usukani wa kulia. Mzigo ulipofika tuliufungua mimi na fundi wangu wa viti, tukakuta mmechanganya vitu vya magari tofauti.

Nianze na konsoli, maana hapo hapana ubishi. Injini ya 240Z ni L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, nayo hulishwa na kabureta mbili. Ikiwa baridi huwashwa kwa choki, na mkono wa choki hiyo umekaa kwenye konsoli yenyewe, karibu na gia. Konsoli mliyoniletea haina nafasi ya choki. Si kwamba imezibwa. Haikuwahi kuwepo tangu kiwandani. Ninayo bado konsoli ya asili ya gari langu, imepasuka lakini ni nzima ya kutosha kupimia, na tulipoziweka pamoja tofauti ilionekana hata kwa mtoto. Hiyo mliyoleta ni ya 280Z, gari lililoundwa kwa soko la Amerika ya Kaskazini kuanzia modeli ya 1975, lenye usukani wa kushoto na mfumo wa kuingiza mafuta kwa nozeli, ndiyo sababu halikuhitaji choki. Sasa nyinyi mliandikaje "usukani wa kulia" juu ya kitu kilichotoka kwenye gari ambalo halikutengenezwa hivyo?

Dashibodi ni ya usukani wa kulia, hilo nakubali, na skrubu za pembeni ziliingia. Kasoro iko katikati. 260Z, modeli iliyoifuata 240Z, ilipotoka mwaka 1974, Nissan, watengenezaji wa Datsun, walisanifu upya dashibodi pamoja na vidhibiti vya hita na hewa, na hiyo ndiyo mliyonitumia. Vidhibiti vya gari langu havikai humo. Dashibodi za magari haya ni ngozi bandia juu ya sponji juu ya fremu ya chuma, na jua la pwani huzipasua vibaya sana. Ndiyo maana nilikubali bei yenu bila kuvutana. Nilijua kupata nzima si kazi rahisi.

Vibao vya milango vyote ni vyeusi, na karani wenu aliniambia kwa simu kwamba nyeusi ni nyeusi. Naomba aende stoo akavitazame vya aina hiyo mchana, nje, juani. Kibao cha kulia kina vinyweleo vidogo na weusi wa kufifia. Cha kushoto kinang'aa, vinyweleo vyake ni vipana, na ukipitisha kidole unahisi tofauti hata ukifumba macho. Ngozi ya matao ya nyuma nayo ina ule mchoro wa umbo la almasi unaojulikana na kila mpenda magari haya ya Z, lakini almasi za kipande kimoja ni kubwa kuliko za kingine. Zikibandikwa hivyo, mtu akifungua mlango wa nyuma ataziona zote mbili kwa mpigo mmoja.

Lililoniudhi zaidi ni jibu lenu. Mlisema fundi akate konsoli atoboe tundu la choki, achonge dashibodi katikati, kisha apake rangi ili vyote vifanane. Lakini masharti yaliyo nyuma ya ankara yenu yanasema spea iliyokatwa au kupakwa rangi hairudishwi. Kwa hiyo ningefuata ushauri wenu, ningepoteza haki yangu ya kurudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi wangu hajakata chochote, wala hatakata. Na kuna lingine: konsoli hiyo ya 280Z ni nzima kabisa. Mahali fulani yupo mwenye 280Z anayeitafuta. Kuiharibu ili iingie kwenye gari lisilo lake ni kuwakosesha watu wawili.

Pengine mnaliona ni gari kuukuu tu. 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki. Zilizobaki nchini si nyingi, na ninataka yangu irudi jinsi ilivyotoka kiwandani, ndani na nje. Ndiyo maana niliagiza kwa kutaja modeli, mwaka na upande wa usukani. Ningetaka vitu vya kukaribiana, ningevipata soko la Gikomba kwa bei ya chini zaidi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya taarifa anazohitaji kuhusu anachonunua. Taarifa mlizonipa hazikuwa za kweli. Nataka mje mchukue mzigo wote kwa gharama yenu na mnirudishie fedha zote, pamoja na nauli ya kuuleta Mombasa. Kama mnazo spea sahihi za 240Z, nitumieni kwanza picha za nyuma ya kila kipande, zinazoonyesha namba na matundu, nami nitaamua kama nitaagiza upya. Pia rekebisheni orodha yenu. S30 ni jina la bodi lililotumika kwa 240Z, 260Z na 280Z, na kuandika "inafaa S30 zote" kwenye konsoli au dashibodi ni kumpotosha mteja.

Picha za kila kipande, kikiwa kando ya kile cha asili, nimeziambatisha. Mzigo uko ndani ya maboksi yake, haujaguswa na kisu. Naomba jibu lenu kwa maandishi, si kwa simu, kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Wenu,
Mteja, Mombasa